Nguzo ya Bwawa la Tengraha

Jina la baba mkwe wangu nimelitaja mara moja tu maishani, na siku hiyo nililitaja kwenye kipaza sauti.

Kwetu mke halitaji jina la mumewe, na la baba mkwe ndiyo kabisa, afadhali ameze kaa la moto. Nilipokwenda kuandikisha kadi ya chakula, karani aliniuliza mkuu wa kaya ni nani, nikaelekeza kidevu upande wa nyumbani. Akaniambia kidevu hakiandikiki. Ikabidi nitoke nje nimtafute mpita njia anayemjua anisaidie kulitamka. Wao nao hawaniiti jina langu. Mimi huitwa wa Belwari, kwa sababu Belwari ndiko nilikozaliwa. Miaka ishirini na miwili nimepika, nimezaa, nimemuuguza na kumzika mama mkwe katika kijiji hiki cha Tengraha, na bado mimi ni wa Belwari, kama gunia lililoandikwa lilikotoka.

Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni udongo.

Udongo wenyewe ulikuwa wa barabara. Serikali ya Bihar ilikuwa imeamua kupitisha kwetu barabara ya lami ya njia nne, na tusielewane vibaya: barabara hiyo niliitaka mimi kuliko mtu yeyote. Mume wangu yuko Ludhiana, mbali kwa treni, anashona masweta ya watu wanaosikia baridi, na kila mwaka anasema atarudi kazi ikipatikana nyumbani. Kazi ingepatikanaje? Sisi ni wavuvi tunaolima makhana, yungiyungi la miiba, bwawani. Mbegu zake nyeusi tunazizoa kwenye tope la chini, tunazikaanga, tunazigonga kwa nyundo ya mti zingali moto, nazo zinapasuka na kutoka nyeupe kama bisi. Mjini zinaliwa na matajiri wanaotaka kupungua unene. Lakini kutoka kwetu hadi barabara kuu ni kilomita kumi na moja za matope, na makhana ikinusa unyevu tu inalegea kama kitambaa. Mchuuzi aliyethubutu kuja na trekta alikuwa mmoja, na bei ilikuwa ile aliyoitaka yeye. Kwa hiyo walipokuja watu wa kupigilia vigingi vyekundu, mimi ndiye niliyewapelekea chai.

"Wa Belwari," Phulmati alinitania, "unavyowakimbilia hao, mumeo akisikia atafika kabla ya barabara." Phulmati ni jirani yangu, mkunga wa kijiji, na mdomo wake hauna pazia.

"Akifika si ndiyo nia yenyewe?"

Siku ya tatu vigingi vikaingia bwawani.

Nilikuwa nimebeba birika. Nikaliweka chini. Mhandisi wao alikuwa kijana kutoka Nagpur, anaitwa Gaikwad, mpole, shingo kaizungushia skafu kama mgonjwa kwa baridi yetu ya mwezi wa Magh. Nikamuuliza, "Hapa mtajenga daraja la urefu gani, bwana mhandisi?"

"Hapa hakuna daraja, mama. Hapa ni tuta. Udongo unajazwa, unashindiliwa, lami inapita juu."

"Udongo mnaujaza ndani ya maji?"

"Karatasi inasema ni ardhi kame."

"Na macho yako yanasema nini?"

Akacheka kwa aibu. "Maji nayaona, mama. Lakini wilaya hii kila shimo lina maji. Nikijenga daraja juu ya kila dimbwi, pesa ya jimbo zima itaishia hapa Tengraha. Mimi nafuata rejesta ya ardhi. Ikisema bwawa, nalazimika kuacha maji yapite. Ikisema ardhi kame, najaza."

Tuta lingepita katikati, na lingeziba mdomo wa kaskazini, ambako mto ukifurika hutuletea maji mapya. Mdomo ukizibwa, baada ya miaka miwili bwawa ni vumbi. Kaya arobaini zinaishi kwa bwawa lile. Barabara ingekuja kuchukua makhana na isikute makhana. Tungesimama kando ya lami nzuri, mikono mitupu, tukiwapungia watu wa malori.

"Siku tisa kutoka leo," akasema Gaikwad, "ofisa wa ardhi anakuja kusikiliza malalamiko. Lete ushahidi, mama. Mimi nitafurahi kubadilisha mchoro. Kweli nakwambia."

Nilimwamini. Tatizo ni kwamba nilijua aliyeiandikisha ile rejesta uongo. Nilikuwa nampikia kila siku.

Baba mkwe wangu ana miaka themanini kasoro kidogo, meno matatu, na tambuu shavuni tangu alfajiri. Adabu ya kwetu, mkaza mwana hasemi naye uso kwa uso. Jioni ile nikajifunika uso kwa upindo wa sari, nikakaa kizingitini, nikazungumza na mbuzi.

"We mbuzi," nikasema, "kuna mtu wa nyumba hii zamani alimdanganya mpima ardhi."

Nyuma ya ukuta tambuu likaacha kutafunwa.

"Mwambieni huyo mbuzi," akajibu, "uongo huo ndio unaomnunulia majani."

"Mbuzi anauliza ulisemwa kwa nini."

"Kwa sababu sikuwa mjinga! Mwaka ule, bwawa lililoandikwa bwawa lilikuwa la serikali, linapigwa mnada. La kijiji cha pili likachukuliwa na bwana mmoja wa mjini, wavuvi wakawa vibarua ndani ya maji yao wenyewe. Nikamwambia mpima, hili si bwawa, ni bonde tu, mvua inatuama. Akaandika. Miaka hamsini mmekula uongo wangu na samaki wake, hakuna aliyekwamwa na mwiba. Leo mbuzi ananishtaki?"

Kusema haki, mzee alikuwa mkweli kabisa juu ya uongo wake.

"Na nguzo?" nikauliza.

Nyuma ya ukuta fimbo ikaanguka.

Kwetu bwawa likichimbwa huozwa. Nguzo ya mti wa msakhua husimikwa katikati ya maji, kuhani akasoma, wanawake wakaimba, wali ukaliwa, na tangu siku hiyo nguzo ni mume na bwawa ni mke. Bonde la mvua haliozwi. Kwa hiyo mpima angeiona nguzo, uongo ungeishia hapo hapo. Usiku wa kuamkia siku ya upimaji, kama marehemu mama mkwe alivyonisimulia, baba mkwe wangu, kijana wakati huo, aliingia majini na wenzake wawili, wakaing'oa na kuizamisha kwenye tope. Wenzake wamekwisha kufa. Yeye hajawahi kuoga bwawani tangu wakati huo. Huoga bombani, ati maji ya bwawa yanamwasha ngozi.

"Ukiliandikisha," akasema mwishowe, na sauti haikuwa ya utani tena, "watalipiga mnada. Utapata daraja zuri, na chini yake atavua mwingine."

"Na nisipoliandikisha," nikasema, nikamsahau mbuzi, nikamgeukia yeye mwenyewe, "chini yake atavua nani? Fuko?"

Akatema tambuu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua. Mnada ni ugomvi, na ugomvi una kesho yake. Udongo hauna kesho.

Asubuhi ya siku ya nane niliingia bwawani. Kazi ya kuzamia ni ya wanaume, ila wanaume wetu wako Ludhiana, Surat na Delhi. Mwaka wa nne sasa nazamia mwenyewe wakati wa mavuno, nafagia tope kwa mikono na kuzoa mbegu, na waliokuwa wakinicheka siku hizi wananiazima kamba. Ndiyo maana nilijua. Kila mavuno, mahali fulani upande wa mashariki, dole la mguu wangu lilijikwaa kwenye kitu kigumu kirefu. Kila mzamiaji anapajua pale. Tunapaita "mgongoni", na hakuna anayeuliza mgongo wa nani.

Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi, yakanifika shingoni. Miiba ya majani ya mwaka jana ilikuwa bado kwenye tope, ikanichana mapaja. Mara ya kwanza nilirudi juu na tope tu. Mara ya pili nikaigusa. Mara ya tano nikafanikiwa kupitisha kamba chini yake. Phulmati na wanawake tisa walikuwa ukingoni, sari wamezikunja magotini, wakivuta na kutukana.

"Vuta, msukume!" Phulmati alipiga kelele kama yuko kazini. "Kichwa kimeonekana! Pumzi! Vuta!"

Tulicheka mpaka kamba ikatuponyoka, tukaanza upya. Ikatoka karibu na adhuhuri, ndefu kama wanaume watatu, nyeusi tii, haijaoza hata kidogo. Kwenye ncha yake bado kulikuwa na gurudumu lililochongwa. Kicheko kikakatika. Mmoja wetu, mjane, akavua shanga zake za shingoni akaivisha.

Mimi nilikuwa natetemeka kiasi kwamba meno yaligongana, lakini moyoni nilikuwa na furaha isiyo na mfano.

"Nguzo tunayo," nikamwambia Phulmati. "Lakini ofisa atauliza nani aliing'oa."

"Ataambiwa."

"Na nani? Wa nyumba nyingine akisema, ni fitina. Lazima iwe nyumba yetu. Mume yuko mbali. Mzee hatasema."

Phulmati akakamua upindo wa sari yake. "Wa Belwari, mimi nimezalisha nusu ya kijiji hiki. Mficha uchi hazai."

Siku ya tisa walitandaza zulia kwenye baraza la shule, viti vya plastiki, meza, kipaza sauti. Ofisa wa ardhi alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa mkoa wetu, kachoka na vijiji. Gaikwad alikaa kando na michoro yake. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Baba mkwe wangu alikaa mstari wa kwanza, fimbo katikati ya magoti.

Tukaiingiza nguzo, wanawake kumi, tukailaza mbele ya meza. Maji yakachuruzika mpaka kwenye viatu vya ofisa. Akaitazama. Akainama, akaigusa, kisha akagusa paji la uso wake kwa vidole vile vile, kabla hajakumbuka kuwa yuko kazini.

"Hii ni nguzo ya ndoa," akasema.

"Ni nini hiyo?" Gaikwad akauliza.

"Ina maana hili ni bwawa, bwana mhandisi. Lilichimbwa, likaozwa." Akajikohoza. "Lakini rejesta ni rejesta. Siwezi kuandika 'gogo limeonekana'. Kesho mtu atasema mmelileta kwa mkokoteni. Naandika nini? Nani aliing'oa, lini, kwa nini. Nahitaji jina na mtu wa nyumba yake wa kulithibitisha."

Watu waliangalia dari, walimu, buibui wa dari. Hakuna aliyeangalia mstari wa kwanza. Mzee aliangalia fimbo yake. Nilimpa nafasi, Mungu ndiye shahidi wangu. Nilihesabu mpaka ishirini.

Kisha nikasimama. Nikapita katikati ya wanaume, uso umefunikwa, nikashika kipaza sauti. Kikalia mluzi, watu wakaziba masikio.

"Aliyeing'oa," nikasema, "ni Sogarath Sahni. Baba wa mume wangu."

Kama ningevua sari pale wangeshtuka kidogo kuliko vile. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Hai Ram!" kwa sauti. Mtu akapiga kelele, "Mnyang'anyeni hicho kitu!" Nilikishika kwa mikono miwili.

"Sijamaliza. Aliing'oa usiku wa kuamkia upimaji, ili bwawa lisipigwe mnada. Alifanya hivyo ili tule, na tumekula. Sitaki mtu amcheke. Waliokula samaki wa uongo wake wako hapa, nawaona. Lakini kilichotulisha miaka hamsini kesho kinatufukia. Barabara tunaitaka. Na bwawa tunalitaka. Barabara bila bwawa ni njia ya kuondokea tu, na za kuondokea tunazo za kutosha."

Ofisa alikuwa ameacha kuandika. "Mama, unafahamu nikiandika bwawa, ni mali ya serikali? Litatangazwa. Yeyote anaweza kuliomba."

"Nafahamu. Andika."

Akaandika. Mzee akainuka, akapita karibu yangu bila kunitazama, akateremka ngazi za shule kwa fimbo yake, tk, tk, tk, mpaka hatukumsikia tena.

Mume wangu alipiga simu jioni. Habari ilikuwa imefika Ludhiana kabla sijafika nyumbani.

"Umemtaja Baba? Kwenye spika?"

"Nimemtaja."

Nikasikia nyuma yake mashine za kushona. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na daraja wametoa?"

"Mhandisi amelichora pale pale. Matundu matano ya kupitisha maji."

"Matundu matano!" akasema, na akasahau kuendelea kugomba.

Mzee hakusahau. Kuanzia siku ile hakula kilichopikwa kwa mkono wangu. Miezi kumi na nne alikula mchele wa kupondwa na mtindi alioupata kwa Phulmati, akikaa uani kwangu, sahani ikielekea ukuta. Hakusema na mimi, hata kwa kupitia mbuzi. Niliumia, sitadanganya, nyumba hii imetosheka na uongo. Kila siku nilimpikia, nikamwekea, nikaondoa chakula kikiwa kimepoa. Nilijiambia: yeye ana ukaidi wa miaka themanini, lakini mimi nina asubuhi nyingi kuliko yeye.

Barabara ikaja. Mitambo ikanguruma, vumbi likaingia hadi kwenye chumvi. Matundu matano yakasimama juu ya maji, na mwezi wa Sawan mto ulipofurika, maji yakapita chini yake yakaingia bwawani kama kawaida. Tukaisimika nguzo upya, tukamwita kuhani. Mchuuzi wa trekta alikuja akakuta wachuuzi wengine wanne wenye malori, akageuka mpole ghafla. Mtu wa mji wa wilaya akajenga ghala kilomita mbili kutoka kwetu. Mume wangu akaanza kuuliza kwenye simu kama paa letu linavuja.

Barabara hiyo hiyo ikamleta na bwana mmoja wa kukodi mabwawa mnadani. Alikuja na gari jeupe, miwani myeusi, akasimama juu ya daraja akiangalia bwawa letu, akilipima kwa macho. Mzee alimwona kutoka ukingoni. Nilimwona akimwona, nikajua anachofikiri, kwa sababu nilifikiri vile vile.

Ofisa alikuwa ametuambia nafasi ya kwanza hupewa chama cha wavuvi wa mahali, mradi chama kiwe hai na kilete jina la mtu mmoja wa kusimamia bwawa, mtu anayefanya kazi ndani ya maji. Chama chetu kilikuwa kimelala tangu wanaume waondoke. Tukakiamsha. Tukakutana barazani pale pale shuleni, mchana wa mwisho kabla ofisi haijafunga maombi, na yule bwana wa miwani akajikaribisha kitini, miguu kaikunja, anatabasamu.

Majina yakatajwa. Huyu yuko Surat. Yule harudi mpaka sikukuu. Wa tatu yupo, ila anaogopa maji tangu utotoni, wote tunajua. Karani wa chama akatazama saa.

"Hamna mtu," yule bwana akasema kwa upole. "Si aibu. Mtafanya kazi kwangu."

Fimbo ikagonga sakafu.

Mzee alikuwa mwanachama wa kwanza kwenye daftari, na kwa kanuni ya chama neno la mwisho ni lake. Alisimama kwa shida. Nywele zake zilikuwa zimelowa, shuka lake la dhoti lina tope hadi magotini, na tope lile nalijua, si la bombani.

"Andika," akamwambia karani. "Ramsakhi Devi."

Karani akainua kalamu. Akatazama kushoto na kulia. "Ramsakhi ni nani?"

Wanaume wakatazamana. Phulmati, anayejua kila tumbo la Tengraha, akageuka nyuma kumtafuta huyo Ramsakhi. Nami nilichelewa kuelewa, kwa maana jina hilo sikuwa nimelisikia likitamkwa tangu marehemu mama yangu aage dunia. Sikujua hata kama mzee analijua.

"Ni yule anayezamia," akasema. "Andika, ofisi inafunga."

Nikasimama. Nikaenda mezani nikaweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, nikalikandamiza vizuri.

Jioni niliposikia fimbo uani, nilikuwa naosha samaki. Akakaa mahali pake pa zamani, mbele ya kizingiti, akaiondoa sahani yake ukutani, akaigeuzia kwangu.

"We mbuzi," akasema, "muulize wa Belwari kama wali umeiva."

Nikampakulia.